Mahali Sauti Inafika

Mwene-Ditu, tarehe 18, mwezi wa tano, 1993

Semeki wangu Mbayo, muke wa marehemu kaka yangu Mwamba,

Pokea jambo yangu na mikono yote miwili. Jambo kwako, jambo kwa Mignonne binti yako, jambo hata kwa ile kuku yako mweupe mwenye kiburi, kama hamujamukula bado.

Sisi tulifika. Ninaandika tulifika, sababu ni neno fupi. Bwana wangu Tata Stanislas iko, amekonda, suruali ya kazi sasa inamushika na kamba. Asubuhi anaamka mbele ya jua, anavaa, anakaa pembeni ya kitanda anangojea siren ya kampuni. Huku hakuna siren, hakuna kampuni. Ye anasema ameisikia, na mi simubishi. Tshiela wetu mudogo iko muzuri, meno ya mbele imeota, anasoma kwa masista, na sista mwenyewe alisema katika darasa yote hakuna mutoto mwenye anaandika muzuri sawa ye. Unaona damu yangu. Hata kufukuzwa, tunafukuzwa na akili yetu.

Tunalala kwa muntu wa ukoo wa Stanislas, bantu bengi katika chumba kimoja. Kule Kolwezi balituita bilulu, badudu ba kula majani ya bengine, bakatufukuza sababu ukoo wetu ni wa huku. Huku banatuita bantu ba Katanga. Nilicheka sana, lakini kwa ndani.

Sasa nifike kwenye jambo yenyewe. Ni Mbelu, binti yangu mukubwa.

Ile siku gari ya moshi ilikuja bila kuambia muntu. Tulikuwa tunalala pale gare, kwenye kituo ya gari ya moshi, tangu mvua nyingi, tumezoea kungojea mpaka tukasahau tunangojea nini. Nilikuwa nimemutuma Mbelu kwako achukue chungu yangu kubwa. Basikari bakasema: pandeni sasa, ao mubaki na bale benye habawataki. Nikapanda na Tshiela mugongoni, Stanislas na mafurushi, nikasimama kwenye mulango wa vagoni nikamuita.

We unajua namna mi ninaita. Bamama bengine ba kambi ya kampuni balifunga batoto ndani na kufuli, banaogopa reli, banaogopa bashimo ba kampuni, banaogopa hata kivuli. Mi nilikataa. Batoto bangu batembee. Bapande kilima ya machafu ya kampuni, bende robine kuteka maji, bacheze na batoto ba kila kabila, sheria ni moja tu: musipite mahali sauti yangu inafika. Na sauti yangu, Mungu anajua, inafika mbali. Jioni, wakati maji ya kusonga bukari inachemka, nilisimama kwenye mulango wa lupango, pale uwanja wa nyumba unakutana na njia, nikaita kwa lugha ya kwetu, jina ya mutoto, na ya babu yake, na ya babu ya babu. Na jibu ilirudi: Mamu, mi hapa, na miguu yangu yote miwili. Chef wa kambi alisema mbele ya bantu kama Mama Mushiya angelipwa mushahara, kampuni ingeuza siren. Mbelu hakukosa kujibu hata jioni moja tangu alipojua kutembea.

Ile siku hakujibu.

Niliita mpaka mashini ikavuta. Niliita Tenke. Niliita Lubudi, kwenu kabisa, mpaka bantu ba vagoni bakanishika mikono bakasema: mama, acha, unatuogopesha.

Semeki, kama iko kwako, andika tu: iko kwangu. Kisha umupe Tata Kisimba, huyu mwenye kuleta barua. Anafanya kazi ya gari ya moshi, ni muntu wa Kamina, hakuna mwenye anamusumbua njiani. Amulete na safari ya kwanza. Kama haiko kwako, usiandike kitu.

Mi dada ya bwana wako,
Mushiya


Kolwezi, tarehe 27, mwezi wa sita, 1993

Mushiya, semeki,

Iko kwangu.

Ninaandika hii mbele ya jambo, unisamehe adabu. Jambo sasa. Jambo kwa Tata Stanislas, jambo kwa Tshiela na meno yake. Mignonne anakusalimia. Ile kuku tulimukula. Baridi ya asubuhi imeanza, vumbi nayo imeanza. Soko iko, lakini ukiuza nyanya, muntu anakuuliza kwanza unatoka wapi kisha bei. Nyumba yenu ya kambi imeingia bantu bengine. Balikata mupapai wako. Nilipita pale siku moja, sipiti tena.

Mbelu anakula, analala, amerefuka, nguo za Mignonne zinamufika magotini. Anarudi masomo. Mwalimu wake ni muntu muzuri, aliandika jina ingine: Kabemba, jina ya mama yangu muzazi. Bale bijana ba kufukuza bantu banapita mulango kwa mulango banauliza majina, na mi ninabaambia huyu ni mutoto wa dada yangu wa Lubudi. Mpaka leo banakubali.

Juu ya kumupa Tata Kisimba: hapana. Nilimuuliza yeye mwenyewe. Alivua kofia, akaniambia namna vagoni zinakaa siku na siku katikati ya pori bila maji, na surua, na benye bamezikwa pembeni ya reli. Akasema: Mama Mbayo, nitabeba barua. Mutoto usinipe. Na Mbelu mwenyewe anasema anataka kumaliza masomo, darasa ya tano sasa, kisha ya sita, kisha diplome. Nilimuambia mama yako anaogopa. Akasema: na mi ninaogopa, lakini ninasoma.

Uliandika juu ya ile siku ya gare. Karatasi imeisha.

Mbayo


Mwene-Ditu, tarehe 9, mwezi wa munane, 1993

Semeki wangu wa dhahabu,

Nikianza kusalimia nitamaliza kurasa. Salimia bote, hata adui.

Nilisoma yale maneno yako ya kwanza mbele ya nyumba yote. Kisha nikasoma mbele ya nyumba ya jirani. Kisha nikaenda kwa masista nikasoma kule. Nilicheza, semeki, na mwili wangu huu. Stanislas alicheka, mara ya kwanza tangu Kamina, halafu akalia, halafu akauliza kama siren ya kampuni ingali inalia kule. Utamujibu.

Tata Kisimba anasema kweli juu ya vagoni. Tulikuwa ndani. Kuna bitu mi nilibeba kwa macho na sitaandika. Lakini kule kwako nako bijana banapita mulango kwa mulango, na mutoto wangu ni mutoto wa kuonekana, haumufichi. Mashavu ni yangu, mwendo ni wangu. Kabemba ni jina nzuri, nilimuheshimu sana mama yako, alinipikia ndakala, zile samaki ndogo za kukausha, siku ya ndoa yenu. Lakini Mbelu ni jina nilimuitia tangu tumbo. Muntu akibeba jina ya kukopa mwaka muzima, akiitwa na ile yake atageuka? Hii njo inaniondoa usingizi. Mulete. Kama hapana kwa vagoni ya bantu, basi kwa lori ya mahindi, na muntu wa kanisa.

Kicheko sasa. Tshiela nimemufunga na kipande ya kikwembe yangu ya kuvaa, mwisho mumoja kwa kiuno yake, mwisho mwingine kwa yangu. Tukienda soko, tunaenda sawa mbuzi na mwenyewe. Analia haya mbele ya batoto benzake. Unamukumbuka Mama Mianda wa nyumba ya pembeni, ule wa kufuli? Ukimuona, umuambie nimeacha kumucheka.

Na jioni ninaita. Ndiyo, huku. Ninasimama mbele ya nyumba, ninageukia reli, ninaita Mbelu na babu zake. Mwanzo jirani balisema nina wazimu. Sasa kuna batoto kule gare, benye bamepotelewa na bamama yabo njiani, hakuna mwenye anajua ni ba nani. Wiki iliyopita niliita, na kutoka kule moja akanijibu: Mamu. Kesho yake bakajibu bengi. Nilikimbia. Nilipofika, kila mumoja alinitazama, kisha akaona mi si mama yake.

Haukunijibu juu ya gare. Kwa karatasi kuisha, ninakutumia karatasi.

Mushiya


Kolwezi, tarehe 3, mwezi wa kumi, 1993

Semeki Mushiya,

Jambo kwako na kwa bote. Mvua ya kwanza imepiga, paa inavuja mahali pale pale pa kaka yako, pale alisema atatengeneza. Siren ingali inalia, umuambie Tata Stanislas, lakini bantu benye banaenda ni bachache, na mashini nyingi zimelala. Mignonne alikuwa na malaria, amepona. Mbelu alimulinda sawa dada.

Karatasi yako ilifika, sina tena mahali pa kujificha.

Nilimuuliza jana, tunaponda majani ya sombe. Ninaandika vile alisema, sipunguzi.

Nilisema: Mbelu, mama yako anauliza, ile siku ulikuwa bado njiani?

Akasema: Nilikuwa nimefika.

Wapi?

Pale gare, nyuma ya hangar ya kuweka mahindi. Na chungu kichwani.

Basi haukusikia.

Akaendelea kuponda. Kisha akasema: Mama Mbayo, gare yote ilisikia. Basikari bale banacheka, banamuiga. Nilisikia jina yangu, na ya babu, na ya babu ya babu. Nilisikia mpaka gari ya moshi ilipokunja kona, na nyuma ya kona pia nilisikia.

Na haukujibu.

Kwetu ukijibu, umekwisha kurudi. Hakuna kujibu na kubaki. Mi nilitaka kubaki, nimalize masomo. Nikasema moyoni: nitanyamaza leo tu. Ataita tena jioni, nitajibu jioni.

Vile njo alisema, semeki. Ataita tena jioni. Kisha akamwaga sombe katika sufuria akaenda kuosha kinu. Chungu yako iko hapa. Hakuna mwenye anapika ndani.

Mi sikumufundisha kunyamaza. Ninakuapia kwa kaburi ya Mwamba. Nilimuambia tu asiseme lugha yenu njiani.

Mbayo


Mwene-Ditu, tarehe 16, mwezi wa kwanza, 1994

Mama Mbayo,

Mwaka mupya kwenu. Huku bote bazima.

Barua yako ilifika mbele ya Noeli. Nilisikia yote. Sikujibu.

Sasa na ninyi munajua namna iko.

Mushiya


Kolwezi, tarehe 6, mwezi wa tatu, 1994

Semeki,

Ninakusalimia, hata kama hautaki salamu yangu. Mignonne ni muzima. Mi nina maumivu ya goti. Mahindi ya lupango imebeba muzuri.

Ile barua yako fupi Mbelu aliisoma mwenyewe. Aliikunja, akaiweka chini ya mutungi, hakulia. Lakini tangu ile wiki kuna jambo, na nimejaribu kuimaliza mi peke yangu, nimeshindwa. Niandike.

Jioni, maji ya bukari ikianza kuchemka, anaacha kila kitu mikononi. Anakwenda kwenye mulango wa lupango. Anasimama, anageuza sikio upande wa reli, anangojea kidogo sawa muntu mwenye anasikiliza jina yake mpaka mwisho. Kisha anajibu, kwa nguvu yote, kwa lugha yenu: Mamu, mi hapa, na miguu yangu yote miwili.

Na ni sauti yako, Mushiya. Sikujua ilikuwa ndani yake. Mara ya kwanza niliangusha mwiko. Nilifikiri umerudi.

Nilimuambia: mutoto, hakuna mwenye anakuita. Akanitazama na huruma, sawa mi njo mugonjwa. Akasema: Anaita. Leo amekohoa kwanza.

Mama Huguette, jirani wa ng'ambo ya njia, aliniuliza kwenye robine, bantu bengi banasikiliza: Mbayo, ule Kabemba wako wa Lubudi anasali kwa lugha gani? Bakacheka. Mi nikacheka nabo, nikabeba ndoo mbele haijajaa. Siku ya pili yake bijana balisimama mbele ya lupango saa ile ile, banangojea. Mungu alisaidia mvua ikapiga, sauti haikutoka. Siku ya tatu balitupa jiwe juu ya paa, moja tu, kutuonyesha banajua nyumba. Kule upande wa Mutshatsha familia moja ilichomewa nyumba juu ya jambo ndogo kuliko hii.

Nimemufungia mulango. Anajibu kutoka ndani. Nimemushika kinywa na mukono wangu, semeki, mi, mutoto wa dada ya bwana wangu nimemushika kinywa sawa mwizi. Aliingojea ile saa ipite, kisha akasema polepole: Nilimukatalia mara moja. Sitamukatalia tena.

Mi si mama yake. Neno yangu haifiki. Muandikie we, haraka, mbele bale bijana habajachoka na mawe. Na unijibu jambo moja kwa kweli: kule, saa ya bukari, ungali unaita?

Mbayo


Mwene-Ditu, tarehe 11, mwezi wa ine, 1994

Mbayo, semeki yangu, dada yangu,

Kiburi yangu nimeiweka chini, unaweza kuikanyaga. Jambo kwa goti yako, upake mafuta ya mawese na chumvi ya moto. Tshiela amekuwa wa pili darasani. Wa kwanza ni mutoto wa mwalimu, basi hesabu mwenyewe nani ni wa kwanza.

Unauliza kama ninaita. Niliita kila jioni. Hata ule wakati nilikuwa nimekukasirikia, hata ile barua fupi niliandika na mukono huu, na jioni ile kinywa kikaita. Na tangu Noeli nilikuwa na kikohozi. Sikuandikia muntu juu ya kikohozi. Vumbi ya huku ni mbaya, kila jioni nilianza na kukohoa mbele jina haijatoka.

Nilisoma pale mahali Mbelu anasema nimekohoa, na nikakaa chini katikati ya njia. Tshiela akakaa nami, angefanya nini, amefungwa kwangu.

Semeki, unajua vile ninajivuna. Nimejivuna juu ya meno ya batoto, juu ya kikwembe, juu ya pilipili. Lakini hii hakuna mama wa kambi angeweza kujivuna: sauti yangu imetoka Mwene-Ditu ikapita Kamina, ikapita Bukama, ikapita kwenu Lubudi, ikafika Kolwezi kwenye mulango wako. Kwa siku moja muzima nilitembea na hii katika kifua sawa malkia. Jioni maji ikachemka, nikasimama, nikafungua kinywa. Nikaona bale bijana bamesimama mbele ya lupango yako banangojea. Mi njo ninabaonyesha nyumba. Nikafunga kinywa.

Yale ya chini umusomee, ao mupe asome mwenyewe, anajua mwandiko wangu muzuri.

Mbelu wangu. Hapa ninakuandika jina, si kukuita. Baba yako anakusalimia. Tshiela anasema umutunzie ule mupira wa mukanda wa mashini. Sikiliza. Nilikupa sheria moja tu katika maisha, usipite mahali sauti yangu inafika. Ulikuwa mutoto wa kutii, na siku moja haukutii, na mi nilikasirika miezi mingi. Sasa nimetafuta ile hasira na sioni mahali niliiweka. Kama ungejibu ile siku, ungepanda. Kama ungepanda, ungekuwa kwenye ile pembe ya vagoni, pale tuliweka batoto bakubwa, na mi sitaandika juu ya ile pembe. Ulinyamaza, na uko. Basi haunidai jibu, na mi sikudai.

Sheria ni ingine. Mama yako anaiweka na mukono wake wa kuume: usinijibu. Nimeacha kuita. Lakini mazoea ni mazoea, labda siku ingine itanitoka. Ukisikia, songa bukari. Osha chungu. Soma kitabu yako. Ukinisikia sana, nenda mbali zaidi, hata Fungurume, hata Lubumbashi kwenye masomo makubwa, mpaka ufike mahali haunisikii. Pita. Mi ninaogopa, nitaogopa kila siku, hii si kazi yako, ni yangu. We fanya kazi ya masomo.

Na pikieni katika ile chungu. Chungu si kaburi.

Mushiya


Kolwezi, tarehe 17, mwezi wa saba, 1994

Semeki Mushiya,

Jambo nyingi. Goti ni afadhali. Mignonne ana muchumba, kijana wa Fungurume, anaendesha lori, tutaona.

Barua yako Mbelu aliisoma amesimama. Jioni ile maji ilichemka, akainua kichwa. Alikwenda mpaka mulango wa lupango, akaweka mukono juu ya muti wa mulango, akasimama na kinywa amefunga mpaka giza ikashika njia. Kisha akarudi akasonga bukari, ngumu sana, hatukuweza kuimaliza. Kesho yake vile vile. Wiki nyingi vile. Bale bijana balikuja mara mbili, bakasikia kuku tu, bakachoka, bakaenda kutafuta nyumba ingine. Mama Huguette aliniuliza: ule Kabemba ameacha kusali? Nilimuambia: Mungu amekwisha kumusikia.

Amepita darasa ya sita. Mwalimu alisema mbele ya bazazi bote, na pale mahali ya mama ninasimama mi, nikaona haya kusimama katika mahali yako. Nilipiga makofi kwa nguvu mbili.

Sasa anarudi masomo peke yake, kwa njia ya reli, hataki Mignonne amusindikize. Ninaogopa kila siku. Ninaandika hii ujue haukuniacha bila kazi.

Tumepika maharagwe katika ile chungu. Imepasuka kidogo kwenye mudomo, lakini inashika.

Mbayo


Mwene-Ditu, tarehe 4, mwezi wa kumi, 1994

Mbayo wangu,

Jambo kwako, kwa Mignonne, kwa ule wa lori, alete mahari ya heshima, asifikiri nyumba yetu imepungua. Nilitangaza darasa ya sita mpaka masista banafunga madirisha bakiniona.

Stanislas amepata kazi kidogo, anatengeneza baiskeli za bantu. Asubuhi angali anangojea siren, lakini sasa anangojea na funguo ya spana mukononi, na ikichelewa anaanza tu. Kipande ya kikwembe nimeifungua. Tshiela anakwenda kisima peke yake. Mara ya kwanza nilimufuata nyuma ya nyumba za bantu sawa mwizi wa kuku, akageuka, akasema: mama, ninakuona. Nikarudi. Sasa ninabaki, ninapanguza sufuria yenye imekwisha kupanguzwa.

Jioni siiti. Bale batoto ba gare balikuja mpaka mulangoni, bakauliza: Mama, leo hauiti? Nilibaambia sauti imekwisha. Bakasimama. Nikaongeza maji katika bukari. Sasa banakuja bila kuitwa, na banakula sana.

Ninataka kukuandikia jambo moja, na usiniandikie kama ni kweli ao si kweli.

Wiki iliyopita maji ilikuwa inachemka. Tshiela alikuwa pembeni yangu anapuliza moto. Batoto ba gare balikuwa bamekaa mbele yangu, binywa bimejaa. Na kutoka upande wa reli nikasikia: Mamu.

Haikuwa jibu. Wakati wa kujibu, mutoto anataja miguu yake yote miwili. Huyu alisema tu Mamu, kisha akangojea, sawa mi nilivyokuwa ninangojea. Stanislas aliacha baiskeli, akainua kichwa. Semeki, mi ninajua sauti za batoto bangu kuliko vidole vyangu. Jina ilifika kwenye meno, na ya babu, na ya babu ya babu.

Nilichukua pembe ya kikwembe nikaiweka katika kinywa, nikauma, asinisikie akarudi. Aliita tena. Nikakoroga bukari. Aliita mara ingine, mbali kidogo, sawa muntu mwenye anaendelea na njia yake. Kisha upepo tu.

Umuambie Mbelu nilisikia. Umuambie nilisikia mpaka kona, na nyuma ya kona. Na umuambie sasa ninajua ile chungu ilikuwa nzito namna gani kichwani mwake.

Mushiya